Woshi ya rangi ya mafuta inaacha chembechembe na duara: kosa ni tina, tyubu au vanishi?

#1 Kifaru_35
Wakuu, salaam. Nina modeli ya plastiki ya kifaru cha T-55A, seti ya Tamiya, skeli 1/35. Rangi ya msingi ni akriliki ya kijani, juu yake vanishi ya kung'aa ya akriliki ambayo imekaa siku mbili kamili. Woshi (rangi iliyopunguzwa sana kwa tina ili itiririke kwenye mashimo na mishono) nimeichanganya hivi: rangi ya mafuta ya wachoraji, amba ya kuchoma (kahawia iliyokolea), tyubu ya mililita 37 ya daraja la wanafunzi, kwenye lebo imeandikwa PBr7 peke yake, yaani namba ya pigmenti. Nimekamua kiasi cha punje moja ya mahindi juu ya kipande cha katoni, nikaiacha usiku kucha ili mafuta ya kitani yanyonywe, kisha nikatia mililita 3 za waiti spiriti isiyo na harufu.

Kwenye mishono ya kuchomelea imekaa vizuri. Ila juu ya mnara, pale palipo bapa, imekauka na chembechembe kama unga wa kahawa uliomwagika, na kila doa lina duara jeusi pembeni. Nimeifuta na kurudia mara ya pili, hali ni ileile. Kosa liko wapi?

#2 BrashiSufuri
Kosa ni tina. Waiti spiriti isiyo na harufu ni dhaifu, haiyeyushi rangi ya mafuta, inaikata vipandevipande tu. Tafuta ya kawaida yenye harufu kali, au tapentaini halisi, na chembe utazisahau.

#3 MzeeWaVanishi
Mkuu #2, hapana. Soma tena #1: usiku kucha kwenye katoni! Hapo hakuna rangi iliyobaki, ni udongo mkavu. Katoni ni ya dakika 30, ikizidi sana saa moja. Mafuta ya kitani ndiyo gundi inayoshikilia chembe za rangi, ukiyatoa yote chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na hata zikikauka juu ya modeli utazifuta kwa kidole.

#4 KemiaYaRangi
Naomba nisahihishe #2 kidogo, maana jambo hili linarudiwa sana. Mafuta ya kitani yanayeyuka vizuri kabisa ndani ya waiti spiriti isiyo na harufu. Kinachogoma humo ni utomvu wa damari, ule unaotumika kwenye vanishi za wachoraji. Nguvu ya kiyeyushi hupimwa kwa kipimo cha kauri-butanoli: toluini imepewa 105, tapentaini ya msonobari iko karibu na 56, waiti spiriti ya kawaida kati ya 35 na 40, isiyo na harufu karibu 27. Kwa hiyo ni kweli ni dhaifu zaidi, ila kwa mafuta ya kitani hiyo 27 inatosha.

Tatizo la chembe ni jingine, ni kuganda kwa pigmenti. Kila chembe imevikwa utando wa mafuta unaoizuia isigusane na mwenzake. Ukimimina tina nyingi kwa mkupuo juu ya rangi nzito, utando unavuliwa kabla tina haijachanganyika sawasawa, chembe zinarukiana na kufanya mabonge madogo. Mabonge hayo ndiyo "unga wa kahawa". Kifaru_35, hizo mililita 3 ulizitiaje?

#5 Makutano_KE
Wadau, mmeshika chembe mkasahau duara. Hayo ni mambo mawili.

Duara linatokea kwa sababu ukingo wa tone hukauka kabla ya katikati. Tina inaendelea kukimbilia ukingoni ikibeba rangi, na rangi yote inatua huko. Kinachotibu ni kutoacha tone lisimame peke yake. Lowesha kwanza eneo zima kwa tina safi, lipate unyevu tu bila kuogelea, halafu gusa woshi kwenye mshono au chini ya ribiti. Ukingo wa rangi utayeyukia kwenye unyevu na hautaacha alama.

Tena, sehemu bapa ya juu ya mnara haihitaji woshi nzito. Pale ni pa filta, rangi nyembamba kuliko woshi inayopakwa eneo zima. Woshi iende kwenye mashimo, pembe, mishono, nyavu za injini na bawaba za milango.

#6 BrashiSufuri
@KemiaYaRangi nimekuelewa kuhusu mafuta ya kitani, lakini matokeo ya kazini yanasema kingine. Tyubu ileile, uwiano uleule, woshi ya tina kali hukauka laini, ya tina isiyo na harufu hukauka na chembe. Hayo ni macho yanaona.

#7 KemiaYaRangi
Sikatai unachokiona. Isiyo na harufu mara nyingi huvukiza polepole kuliko ya kawaida, hivyo woshi inakaa majimaji muda mrefu na chembe nzito zinapata nafasi ya kuzama na kukusanyika. Hapo tina inahusika, ila kwa mwendo wake wa kukauka. Pia ya kawaida ina kemikali za jamii ya toluini na zailini, asilimia 15 hadi 20 hivi, ambazo hulowesha pigmenti vizuri zaidi. Kwa hiyo tunaweza kuwa tunasema jambo moja kwa njia mbili.

#8 Kifaru_35
Asanteni. Mililita 3 nilizitia kwa bomba la sindano, mkupuo mmoja, kisha nikakoroga kwa kijiti cha meno kama nusu dakika. Katoni ni ya boksi la kawaida la kahawia. Vanishi ni ya kung'aa lakini kwenye mnara nahisi haijashika sawa, ukiinamisha kwenye taa kuna sehemu imefifia.

#9 Makutano_KE
Basi "sehemu imefifia" ni ushahidi. Uso usiong'aa una vinyweleo vidogo vinavyonyonya tina na kukamata chembe. Pitisha tena vanishi ya kung'aa, makoti mawili mepesi, siku mbili zipite, ndipo uijaribu.

#10 MzeeWaVanishi
Kaka, umejibu maswali yetu yote kwa post moja 😀 mkupuo mmoja, nusu dakika, usiku kucha.

Hii ndiyo njia ninayoitetea, ifuate kwa mpangilio:

Kamua rangi kiasi cha punje ya mahindi juu ya katoni isiyo na nta. Iache dakika 30. Duara la mafuta likifika upana wa kidole kuzunguka rangi, inatosha. Ihamishe kwa kijiti hadi kwenye sahani nyeupe ya kauri, hata kisosi cha chai. Tia matone 2 tu ya tina na uikandamize kwa brashi ya zamani, namba 4 hivi, mpaka iwe kama mtindi mzito usio na punje. Hapa usiwe na haraka, dakika nzima au mbili. Tia matone 4, changanya. Tia 8, changanya. Ikishafika ulaini wa maziwa ndipo uipeleke kwenye kichupa na kumalizia tina iliyobaki.

Kwa woshi ya kugusia mishono nafika mililita 2 kwa punje hiyo moja, ambayo ni kama matone 40. Kwa filta ni mililita 5 au zaidi. Kisosi chenyewe ni kipimo: inamisha, woshi nzuri ikitiririka inaacha nyuma utando mwembamba unaoonyesha weupe wa kauri, na inajikusanya kwenye mkunjo wa chini. Ikiacha michirizi yenye punje, rudisha kwenye kukandamiza. Usiongeze tina, tina haivunji bonge.

#11 Tanga_Modela
Mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Je, mafuta ya taa yanafaa? Huku tina za wachoraji hazipatikani kirahisi.

#12 BrashiSufuri
Hapana dada/kaka #11. Mafuta ya taa yana sehemu nzito inayochemka karibu nyuzi 300, wakati waiti spiriti inaishia kwenye 200. Hiyo sehemu nzito haitoki leo wala kesho. Woshi inabaki na ulaini wa mafuta, vumbi linanata, na vanishi ya mwisho inateleza au inafanya macho ya samaki (vishimo vya duara).

Nenda duka la vifaa vya ujenzi uulize tapentaini au waiti spiriti ya rangi za mafuta za milango na madirisha.

#13 Makutano_KE
Nyongeza kwa #12: hiyo "tapentaini" ya hadwea mara nyingi siyo tapentaini ya msonobari. Ni waiti spiriti iliyopewa jina la tapentaini. Ya msonobari inanuka utomvu wa mti, huwezi kuikosea. Kwa woshi hilo jina halidhuru, waiti spiriti ndiyo tunayoitaka.

Kabla ya kuigusisha kwenye modeli, ipime. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, lingoja saa moja mbali na jua. Karatasi ikibaki safi, tina ni safi. Ikibaki na doa la kung'aa kama la chapati, imechanganywa na mafuta ya taa, au kibaba cha muuzaji kilikuwa na mafuta. Nunua kopo lililofungwa kiwandani ukiweza, usichukue ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Na usichukue ile inayoitwa tina ya magari. Ile ya rangi za kupuliza inaondoka na vanishi, rangi na plastiki kwa pamoja.

#14 Tanga_Modela
Shukrani. Petroli nayo je?

#15 KemiaYaRangi
Petroli isiingie kabisa ndani ya chumba unachofanyia kazi. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, nyuzi 40 chini ya sifuri, na ina jamii ya toluini nyingi kiasi cha kulainisha polistairini, plastiki ya modeli zetu. Kwa kulinganisha: mvuke wa tapentaini ya msonobari unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 35 hivi, waiti spiriti ya kawaida kuanzia 38 hadi 40, na baadhi ya zisizo na harufu zinapita 60. Pwani mchana wa Februari chumba kinafika 32 au 33, kwa hiyo tapentaini inakaribia mpaka wake ukiwa umekaa tu mezani.

#16 Nyota_ya_Muscat
Huku Muscat mwezi wa Juni nje ni zaidi ya 40, maana yake hata waiti spiriti ya kawaida imeshavuka mpaka huo. Kazi ni ndani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kopo limefungwa muda wote, na mimi natumia isiyo na harufu kwa sababu hiyohiyo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na #2. Kwa chumba cha nyuzi 24 isiyo na harufu haileti chembe ukikandamiza rangi vizuri kama #10 alivyosema. Kitu kimoja tu: woshi ikae kwenye kichupa chenye kifuniko, si kwenye sahani wazi. Sahani wazi ndani ya nusu saa tina imepungua, uwiano umebadilika, na mtu analaumu tyubu.

#17 NgalawaNane
Tyubu nayo ilaumiwe. Daraja la wanafunzi lina vijazio kama chaki, na nta za kuizuia isitengane ndani ya tyubu. Ikiwa nzito kwenye turubai la mchoraji hivyo vitu havionekani. Ukiipunguza mara ishirini vinaonekana, woshi inakuwa na weupe wa ukungu ikikauka. Na pigmenti yenyewe husagwa kwa unene tofauti. Kwa skeli 1/35 ribiti ni pungufu ya milimita moja, chembe nene inaonekana kama kokoto.

Chukua tyubu moja ya daraja la wachoraji, rangi moja tu, amba ya kuchoma. Haimaliziki. Ukitumia punje ya mahindi kwa kifaru kimoja, mililita 37 zinatosha vifaru zaidi ya mia. Au zile za Abteilung 502 zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli, zina mafuta machache, katoni inapungua kazi.

#18 MzeeWaVanishi
NgalawaNane ukungu mweupe ni kweli, lakini chembe za kwenye picha ya kawaida ya tatizo hili ni za kahawia, si nyeupe. Chaki haiwi kahawia.

#19 NgalawaNane
Chaki iliyolowa mafuta na amba inakuwa kahawia, Mzee wangu. Chaki ndani ya mafuta karibu inapotea, haina weupe wake. Weupe unakuja mafuta yakishaondoka.

#20 KemiaYaRangi
#19 yuko sahihi kwenye hilo.

Kuna kipimo cha bei ya bure cha kutofautisha pigmenti iliyoganda na pigmenti iliyo nene tu. Weka woshi kwenye kichupa cha kioo chembamba, kitikise, kiache kimesimama hadi kesho. Pigmenti iliyoganda inatua haraka na kufanya mashapo marefu, mepesi, kama pamba, ukitikisa kidogo yanaruka. Pigmenti iliyotengana vizuri inatua polepole na kufanya tabaka fupi, gumu, lililojipanga chini, unalikwangua kwa kijiti. Watu wengi wanadhani mashapo magumu ni dalili ya rangi mbaya. Ni kinyume chake.

Kifaru_35 fanya hicho, tusiendelee kubishana gizani.

#21 Kifaru_35
Nimekipata. Nitaandaa vichupa vinne na kuvijaribu kwenye vijiko vya plastiki vilivyopakwa rangi na vanishi ileile. Naomba siku chache.

#22 KijanaWaGundam
Wakati tunasubiri, woshi ya mafuta na viungo vya Gundam (modeli za maroboti): kiungo cha nyonga kimegawanyika vipande viwili saa tatu baada ya woshi. Sikukitumia nguvu. Nini hicho?

#23 BrashiSufuri
Tina imenyonya ule ulaini wa plastiki. Plastiki ikikosa mafuta yake ya ndani inakuwa kavu kama biskuti.

#24 KemiaYaRangi
Maelezo hayo yanafaa kwa vinili laini, kama minyororo ya vifaru inayokuja na seti nyingi. Ile ina vilainishi kweli, na vilainishi hivyo vikihama hata magurudumu ya polistairini huyeyuka pale mnyororo unapogusa. Lakini ABS (plastiki ngumu) ya kiungo na polistairini ya bodi hazitegemei kilainishi cha namna hiyo ili zisivunjike.

Kinachotokea kwenye kiungo ni ufa wa mkazo. Pini imeingizwa kwenye tundu linalobana, kwa hiyo plastiki ya tundu iko kwenye mvutano saa zote, pamoja na mvutano uliobaki kiwandani ilipopozwa ndani ya kalibu. Ikiwa kavu inavumilia miaka. Ikilowa tina, tina inapenya kwenye nyufa ndogo zisizoonekana na kuufanya mvutano ule uchane njia yote. Tina yenyewe haijayeyusha chochote, ndiyo maana mpasuko unakuwa safi kama kioo.

#25 Nyota_ya_Muscat
Angalia fremu ya seti yako, aina ya plastiki imeandikwa pale. Palipoandikwa ABS, hasa viungo, woshi ya tina isiguse. Kwa sehemu hizo tumia woshi ya akriliki ya maji, au kalamu nyembamba.

Kwa sehemu za polistairini zilizobana: fungua viungo kabla ya woshi, kata nusu ya urefu wa pini ili isibane, paka rangi ndani na nje, na ugusie kwa brashi namba 0 yenye woshi kidogo. Kumwagia ndiko kunakoua. Tina ikiingia ndani ya kifua cha modeli ambako hakuna rangi wala vanishi, haina pa kutokea na inakaa pale saa nyingi.

#26 Makutano_KE
Hapo kwenye "ndani hakuna rangi" ndipo ninaposimama. Vifaru vyangu vina ekseli zinazobana na sijaona ufa, kwa sababu zimepakwa praima ya laka pande zote. Nadhani kizuizi cha rangi ni muhimu kuliko mkazo.

#27 KemiaYaRangi
Vyote viwili vinahitajika: mkazo na tina kwa pamoja. Ukiondoa kimoja ufa hauji. Wewe umeondoa tina, yeye #25 anaondoa mkazo.

#28 BrashiSufuri
Je, enameli za woshi zilizochanganywa tayari? Nazo zina tina ileile na watu wanazimwaga bila shida.

#29 KijanaWaGundam
Hizo nazo zinavunja ABS, zipo picha kibao. Asante dada Nyota, nitakata pini.

#30 Mlinda_Mnara
Naingilia nje ya mada kidogo. Kifaru_35, hiyo T-55A unaijenga ya nchi gani?

#31 Kifaru_35
Ya JWTZ, Vita vya Kagera, 1978–79. Vumbi jekundu hadi juu ya madigadi.

#32 Mlinda_Mnara
Basi simama kwanza kabla woshi haijakauka 😀 Vifaru vya JWTZ vya umbo hili vilivyotoka China ni Type 59, na Type 59 ni nakala ya T-54A, si T-55. Kwa macho, tofauti kubwa iko juu ya mnara: T-54A na Type 59 zina kofia ndogo ya mviringo ya feni ya kutolea hewa, mbele ya mlango wa upande wa kulia. T-55 haina kofia hiyo. Unaweza kuichonga kutoka kwenye kipande cha plastiki na kuibandika, lakini ifanye kabla ya vanishi. Kubandika juu ya woshi ya mafuta gundi haishiki.

#33 Kifaru_35
Nimeshukuru sana mkuu. Mnara unarudi mezani, afadhali sasa.

#34 NgalawaNane
Kwa vumbi la Kagera: usianze na nyekundu. Siena ya kuchoma sehemu 3, amba mbichi 1, nyeupe ya titani nusu sehemu. Nyeupe ndiyo inayoifanya ionekane vumbi, bila hiyo itaonekana kutu. Kwenye mapindo ya magurudumu ipunguze nyeupe, pale udongo umelowa na grisi.

Ila jihadhari na muda. Amba ina manganizi ndani yake, ndiyo inayoiharakisha kukauka, utando mwembamba siku mbili. Nyeupe ya titani na nyeusi ya pembe ni za polepole, zinapita siku tano. Ukichanganya, amba huziharakisha kiasi zile za polepole, ila kwa usalama hesabu kwa iliyo ya polepole.

#35 Tanga_Modela
Mbona hukauka polepole hivyo wakati tina inaruka ndani ya saa moja?

#36 KemiaYaRangi
Kwa sababu rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza. Tina ikishatoka, mafuta ya kitani yanaanza kushika oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Ndiyo maana joto la wastani na hewa inayopita vinasaidia, na boksi lililofungwa linachelewesha. Ni kemia hiyohiyo inayofanya vitambaa vyenye mafuta ya kitani kujipasha moto vyenyewe. Usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye maji.

#37 Makutano_KE
Na ucheleweshaji huo ndio uzuri wa rangi ya mafuta kushinda enameli. Saa moja baadaye, hata kesho asubuhi, unaweza kurudi na brashi iliyolowa tina kidogo ukafuta ulipozidisha. Chovya, ikamue kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, vuta kutoka juu kwenda chini kufuata mvua inavyoshuka. Kwa ndege vuta kutoka mbele kwenda nyuma kufuata upepo, na tumia kijivu cheusi badala ya nyeusi. Kwenye bawa jeupe la skeli 1/72 nyeusi tupu inafanya mistari ya maungio ya mabati ionekane kama mitaro.

#38 MzeeWaVanishi
Vanishi ya mwisho isiwekwe kabla ya siku tatu kwa amba, wiki kwa yenye nyeupe. Na asiyetumia vanishi ya akriliki katikati, aliyepaka enameli tupu chini, asiguse woshi hii kabisa. Waiti spiriti ni tina ya enameli, itainua rangi ya chini.

#39 Kifaru_35
Narudi na majibu. Vijiko vinne, vanishi mpya makoti mawili, tyubu ileile ya wanafunzi, punje moja ya mahindi kwa mililita 3 kila kichupa.

A: katoni usiku kucha, isiyo na harufu, mkupuo mmoja. Chembe nyingi. Mashapo milimita 12, mepesi.
B: katoni dakika 30, isiyo na harufu, mkupuo mmoja. Chembe chache. Mashapo milimita 9.
C: katoni usiku kucha, waiti spiriti ya hadwea iliyofaulu kipimo cha karatasi, mkupuo mmoja. Chembe chache, sawa na B.
D: bila katoni, isiyo na harufu, kukandamiza kwa hatua kama #10. Hakuna chembe. Mashapo milimita 5, magumu. Ila imekauka ikiwa inang'aa kama sukari guru.

Duara halipo kwenye kijiko chochote nilichokilowesha kwanza. Bila kulowesha, lipo kwa vyote vinne.

#40 MzeeWaVanishi
Kama nilivyosema: A na B, katoni.

#41 BrashiSufuri
A na C, tina. Katoni ileile, usiku uleule, nimebadilishiwa tina tu na chembe zimepungua.

#42 KemiaYaRangi
D ndiyo yenye uzito, mashapo mafupi magumu. Lakini D imebadilisha mambo mawili kwa pamoja, katoni na kukandamiza, kwa hiyo haiwezi kusema ni lipi kati yake. Inakosekana E: katoni usiku kucha, isiyo na harufu, kukandamiza kwa hatua. E ikitoka laini, katoni haina kesi. Ikitoka na chembe, Mzee ameshinda.

#43 NgalawaNane
Na F: kama A, lakini tyubu ya daraja la wachoraji. Bado sijasikilizwa.

#44 Nyota_ya_Muscat
Mng'ao wa D si tatizo, vanishi isiyong'aa ya mwisho itauondoa. Kifaru, kwa mnara wako usisubiri E wala F: lowesha, gusia mishono kwa D, acha sehemu bapa.

#45 Kifaru_35
Sawa dada. Kofia ya feni imeshabandikwa, praima leo usiku. E naiweka kwenye katoni sasa hivi.